MATUNDA MIEZI KUMI NA MIWILI JUU YA MAWE YA NYIRAGONGO

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa Ndosho



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya matunda. Twajua wapo kati yenu watakaocheka. Watasema: Watu wa chama wamekosa neno, jana walitupa habari za uhuru na ardhi, leo wanatuletea habari za mapapai. Chekeni, lakini kaeni msikilize. Mambo hayo ni jambo moja, nasi tutalionyesha kabla jua halijazama upande wa Sake.

Tuanze na jambo ambalo kila mama aliye hapa analijua kuliko sisi. Kuna majuma ambayo avoka zimejaa sokoni hata zinakanyagwa. (Ndugu zetu wa Tanzania huziita maparachichi, tunda ni lile lile.) Chukudu zinateremka na magunia, muuzaji anambembeleza mnunuzi, na jioni zilizobaki zinatupwa. Kisha miezi inapita. Unaiuliza avoka moja bei, ukisikia jibu unairudisha chini taratibu kama mtu aliyeshika yai. Mtoto anavuta kitenge chako. Unamwambia: Bado, mwanangu, wakati wake haujafika.

Wakati gani huo? Nani aliyeuweka?

Mkulima wa Ubelgiji akisema wakati haujafika, tunamwelewa. Kwake kuna miezi ambayo ardhi inaganda na miti inasimama uchi. Tofaa lake anachuma mara moja kwa mwaka, kisha analifungia ghalani. Lakini sisi tuko chini ya nyuzi mbili kutoka ikweta. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hakuna joto la kuunguza wala baridi ya kuua mche. Mvua zetu ni mbili: ile inayoanza Septemba mpaka Desemba, na ile ya Februari au Machi mpaka Mei. Ukame wa kweli ni Juni, Julai na Agosti. Hakuna mwezi hata mmoja ambao jani limekatazwa kuota. Basi kama mtoto wa Ndosho anakaa miezi mitatu bila kuonja tunda, kosa si la mbingu.

Tutazame nyuma kidogo, maana jambo hili lina mizizi.

Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka mashamba ya lazima. Mwanakijiji alitakiwa kulima siku 60 kwa mwaka zao aliloamriwa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo zikawa 120. Mwaka 1928 ikaundwa kampuni ya Comité National du Kivu ikakabidhiwa kugawa ardhi ya jimbo letu kwa wazungu waliotaka mashamba. Walipanda nini? Kahawa, chai, pareto, na mkwinini wa kutoa dawa ya malaria. Yote yaende bandarini. Mwaka 1933 wakaanzisha chuo kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, chenye makao yake Yangambi, na kituo kimoja kikawa kwetu Kivu, pale Mulungu karibu na Bukavu. Wataalamu wale hawakuwa wajinga, na hatusemi kazi yao yote ilikuwa bure. Lakini swali walilopewa lilikuwa: Tupate tani ngapi za kupakia melini? Hawakuulizwa: Mtoto wa mfanyakazi ale nini mwezi wa Agosti? Tunda lilikuwa mti wa nyuma ya nyumba ya bwana, nalo lilikuwa na mlinzi.

Na mgodini je? Mfanyakazi alipimiwa chakula kama punda: unga, chumvi, mafuta, samaki mkavu, maharagwe. Katika migodi ya Rhodesia ya Kusini na ya Afrika ya Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, wachimbaji Waafrika walikufa kwa kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu, majeraha ya zamani kufunguka, na miguu kukosa nguvu. Dawa yake ilijulikana tangu zamani: mganga wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwaponya mabaharia kwa machungwa na ndimu mwaka 1747. Kwa hiyo watu walikufa si kwa kukosa elimu, bali kwa sababu unga ulikuwa rahisi kuliko ndimu.

Tunawaambia haya ninyi mnaotoka Rubaya na Walikale, kwa kuwa ninyi wenyewe mnajipimia sasa posho ile ile ambayo babu zenu walipimiwa. Ugali, maharagwe, chumvi, na kinywaji cha chupa cha kutia nguvu. Juma zima, mwezi mzima. Mkirudi Goma fizi zinauma mnasema ni mswaki. Pera moja lina vitamini C kama mara nne ya chungwa lenye uzito ule ule. Mpera hauombi pasi wala kibali, unaota hata kwenye takataka.

Ulipokuja uhuru wa 1960 tulidhani mashamba yatabadilika. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yalichukuliwa na kugawiwa wakubwa wa nchi. Mwenyewe akabadilika, mti haukubadilika: kahawa ikabaki kahawa, na mengine yakageuka malisho ya ng'ombe. Huko Masisi vilima vizima vina nyasi na senyenge, na chini yake watu wanapanda maharagwe kwenye vipande visivyotosha kulaza mkeka. Hayo tumeyasema mikutano mingine na tutayasema tena. Leo tunataka kusema juu ya vile tulivyo navyo mkononi.

Mwezi wa Februari 2024 vita vilikata barabara ya Sake. Mliona wenyewe. Ndizi za Masisi hazikufika, vya Minova vikawa vya kuzungushwa ziwani kwa mtumbwi, na bei zikapanda kabla jua halijatua. Mwezi wa Januari 2025 vita vikaingia mjini kwenyewe. Siku zile tulifunga milango, tukahesabu kilichomo ndani ya nyumba. Jirani yetu mmoja alikuwa na mgomba mmoja nyuma ya choo cha kuogea. Mkungu ule aliukata, akagawa vichana kwa nyumba nne. Ndizi zile hazikupitia kizuizi chochote wala kulipishwa ushuru njiani. Tangu siku ile hatusemi tena kwamba mti wa uani ni pambo.

Sasa tunafika kwenye jibu ambalo kila mtu wa Ndosho hutupa: Ndugu, hapa ni mawe.

Ni kweli, ni mawe. Sisi nasi tumevunja majembe. Mawe ya Ndosho ni ya zamani kuliko yale yaliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, lakini yote yametoka tumboni mwa mlima. Hata hivyo tusilitukane jiwe hili. Jiwe la volkano lina chakula kingi cha mmea ndani yake. Tatizo ni kwamba limekifunga. Tena lina nyufa. Maji hayatuami, na mti kama avoka hauogopi kitu kuliko maji yaliyosimama kwenye mizizi. Kwenye udongo mzito wa tope avoka hufa imeoza miguu. Kwetu haifi hivyo.

Watu wengine walikwisha kutangulia njia hii. Katika kisiwa cha Lanzarote, mali ya Hispania, nje ya pwani ya Afrika ya kaskazini, volkano iliwaka miaka sita, tangu 1730 mpaka 1736, ikafunika mashamba. Wakulima hawakuhama wote. Walichimba mashimo kupita ule mchanga mweusi wa volkano mpaka kukuta udongo wa zamani, wakapanda mizabibu na mitini mle shimoni, na kila shimo wakalijengea ukuta mfupi wa mawe wa nusu duara kukinga upepo. Mvua yao haifiki milimita 200 kwa mwaka. Yetu hupita 1,000. Na huko Puna, katika visiwa vya Hawaii, mapapai ya kuuzwa ng'ambo hupandwa juu ya mawe ya lava yaliyovunjwavunjwa. Hakuna aliyewaambia papai halitaki jiwe.

Basi fanyeni hivi. Ninyi wachimbaji kazi hii mnaijua kuliko mwalimu yeyote wa kilimo. Tafuta mahali penye ufa. Kwa nyundo na mtaimbo fungua shimo la sentimita 60 kila upande. Ukifika chini usiliache kama sufuria. Lipasue chini mpaka uone njia ya maji, maana mizizi itafuata hapo. Mawe uliyotoa usiyatupe barabarani. Yapange upande upepo unakotoka. Kisha jaza: safu ya majani ya migomba na maganda, safu ya udongo, samadi ya mbuzi au ya sungura, majivu kidogo ya jikoni, na udongo tena. Liache mwezi mmoja litulie, litashuka, jaza tena. Ndipo upande. Udongo unaletwa kwa chukudu au kwa mgongo, na ni kazi. Hatuwadanganyi. Shimo moja la namna hiyo lilitugharimu Jumamosi mbili na ngozi ya viganja.

Maji nayo. Mnanunua maji kwa bidoni, na hakuna mtu mwenye akili atakayenunua bidoni amwagie mti. Lakini inueni macho: nyumba zenu zina bati. Bati lenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 6, ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, linateremsha lita 300. Hizo ni bidoni 15, na tunaziacha zipotee kwenye nyufa. Mfereji wa bati na pipa moja hubadili jambo. Mvua ya kwanza baada ya ukame iacheni ipite, maana imebeba majivu na ukali wa moshi wa mlima, nao huchoma majani machanga. Na maji ya kuoga yasipotee: mgomba hauchagui, hunywa hata ya sabuni.

Tumeusema mgomba, tukae hapo kidogo, maana ndio mti unaojua kuzaa bila kutazama kalenda. Siri yake ni kuhesabu watoto. Watu wengi huliacha shina lijae machipukizi kumi, yote yanapigania chakula, na mkungu unatoka mwembamba. Acha matatu tu: mama mwenye mkungu, binti aliyefika kiunoni, na mjukuu anayechungulia. Ukimkata mama, binti anashika nafasi. Kwenye mwinuko wetu chipukizi huchukua mwaka na nusu hivi kufikia kukatwa. Kwa hiyo nyumba yenye mashina matatu, yaliyopandwa kwa kupishana miezi, haitakaa muda mrefu bila mkungu.

Lakini hapa tuna jambo la kukiri. Miaka michache nyuma tulisaidia kupogoa migomba ya majirani, tukitembea na panga moja kutoka uani hadi uani, tunasifiwa, tunapewa chai. Baada ya majuma machache majani yakaanza kunyong'onyea na kugeuka manjano. Ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na ndani zilikuwa za kahawia. Tulipokata shina, ukatoka ute wa manjano. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ule ulioonekana kwanza Ethiopia miaka ya 1960, ukafika Uganda 2001, na miaka hiyo hiyo ukaingia Masisi. Sisi ndio tulioubeba, kwa panga letu. Mama mmoja aliyepoteza migomba yake yote hakututukana. Alitutazama tu, akasema, Basi mmemaliza kazi. Neno lile bado linatuuma.

Kwa hiyo sikieni vizuri. Panga lipitishwe motoni mpaka liwe moto kweli kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Ua la dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, livunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokea. Usilikate kwa panga, maana wadudu wanaolitembelea ndio wanaoleta ugonjwa. Ukiona shina limeugua, likate usawa wa ardhi, lile peke yake, na uendelee kuchungulia mengine. Zamani tuliambiwa tung'oe shamba zima. Imeonekana kwamba kukata shina moja moja, bila kuchoka, kunaokoa migomba mingi.

Avoka sasa. Mbegu ukipanda, utangoja miaka mitano hata minane, na hujui utapata tunda la namna gani. Mche uliobebeshwa huzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kubebesha si uchawi: mche wa mbegu ukifikia unene wa kalamu unakatwa kichwa, unapasuliwa, na kijiti cha mti mwema kinachongwa kama kabari kikaingizwa mle, kikafungwa kwa utepe wa nailoni. Jambo la kuangalia ni kijiti hicho umekitoa wapi. Msikimbilie mti wenye tunda kubwa. Utafuteni mti unaozaa wakati mingine yote imelala. Kila mtaa unao mmoja au miwili. Wenyewe hudhani ni mti mkaidi, tena wengine wanataka kuukata kwa kuni. Huo ndio mti wa thamani. Tunataka mtu mmoja katika kila mtaa awe na daftari, aandike: mti wa fulani, umechanua mwezi gani, umechumwa mwezi gani. Mwaka ukiisha tutajua mtaa wetu una njaa miezi ipi, na kijiti kitoke kwa nani kiende kwa nani.

Yapo mambo mawili zaidi. Avoka haiivi mtini. Ikikomaa inaweza kuning'inia majuma mengi hata miezi, ikiiva tu baada ya kuchumwa. Kwa hiyo mti wenyewe ni ghala, na anayeangusha zote siku moja kwa sababu mnunuzi mmoja amekuja na gunia amevunja ghala lake mwenyewe. La pili: ua la avoka hufunguka mara mbili, mara ya kwanza ni la kike, mara ya pili ni la kiume, na ziko jamii mbili zinazopishana saa. Aina ya Hass ni ya jamii moja, Fuerte ni ya jamii ya pili. Yafaa jirani huyu apande ya jamii hii na yule apande ya ile, nyuki watafanya yaliyobaki. Hata kwa majirani wasiosalimiana.

Marakuja inapenda mwinuko wetu. Inatambaa juu ya senyenge au ukuta wa mawe, inaanza kuzaa baada ya miezi minane hivi, na kwetu huzaa karibu mwaka mzima, ikizidisha baada ya mvua. Lakini haiishi sana. Baada ya miaka mitatu inachoka na magonjwa yanaijaa. Usingoje ife. Panda mpya kila mwaka mahali pengine. Nyanya za mti, zile jirani zetu wa Gisenyi wanazoziita ibinyomoro, huzaa mwaka wa pili. Mizizi yake iko juu juu, ipeni nguzo. Ukiwa na miti minne, pogoa miwili mwezi mmoja na miwili miezi mitatu baadaye, nayo itapishana kuzaa. Papai pandeni miche mitatu shimo moja, maana mingine ni dume. Maua yakining'inia katika vishada virefu, hilo ni dume, ling'oeni. Ndimu huchanua karibu kila mwezi, haina maneno mengi. Mapera yazikeni yanayoanguka, kwa sababu nzi wa matunda aliyetoka Asia, akaonekana Kenya mwaka 2003, anazalia humo.

Embe tusijisumbue nalo hapa. Linataka joto na kiu. Embe tuwaachie ndugu wa bonde la Ruzizi na wa Katanga, ambao lao huiva mwisho wa mwaka. Na hapa tuseme neno kwa nchi nzima: Kongo iko pande mbili za ikweta. Kusini kukikauka, kaskazini kunanyesha. Kuna bonde na kuna mlima, na tunda moja huiva chini kabla ya kuiva juu. Nchi hii, kama ingekuwa na barabara, isingekosa tunda siku moja. Tunacho kila kitu isipokuwa njia ya kutoka Beni hadi Goma bila kulipa mara kumi.

Sasa tuwape wachimbaji jambo lao. Mnalijua lile jiwe la kijivu la taa za zamani za mgodini, kabaidi, ambalo likimwagiwa maji linatoa gesi ya kuwaka na harufu mbaya. Gesi ile ina kazi nyingine. Katika karne ya 19 wakulima wa mananasi wa visiwa vya Azores, vya Ureno, waliona kwamba moshi ukijaa ndani ya nyumba zao za vioo, mananasi yote yanachanua pamoja. Baadaye ikajulikana kwamba katika moshi mna hewa inayouambia mnanasi: Chanua sasa. Gesi ya kabaidi husema neno lile lile. Mnanasi uliokwisha kupata majani 30 au zaidi, ukiutilia jioni, wakati wa ubaridi, punje ndogo ya kabaidi kama punje ya hindi pale moyoni penye maji ya mvua, baada ya majuma saba hivi ua linachungulia, na tunda huiva kama miezi sita tangu siku ile; penye baridi huchelewa. Fikirini ndugu zetu wa Idjwi ambao mananasi yao hufika Kituku kwa mtumbwi yote kwa wakati mmoja, wakauza kwa hasara. Wakitia mstari mmoja mwezi huu na mstari wa pili mwezi ujao, mtumbwi hautakuja mtupu wala hautazama kwa uzito.

Hata shura, ile inayoingia katika baruti, ina habari yake. Mtaalamu mmoja wa Ufilipino, Ramon Barba, miaka ya 1970 alionyesha kwamba maji ya shura yakipuliziwa miembe iliyokomaa, inachanua nje ya wakati wake. Nchi yake ikapata embe miezi ambayo haikuwa nayo. Vitu vya kupasulia miamba, vikageuzwa vya kulisha watu.

Lakini onyo: gesi ya kabaidi hulipuka, msiichezee ndani ya nyumba wala karibu na sigara. Na tunakataza kabisa kuivishia ndizi au embe lililokwisha kuchumwa. Kabaidi ya viwandani ina masalio ya sumu, arseniki na fosforasi. Muuzaji anayefanya hivyo ili auze upesi anajua anachofanya.

Tumebakisha jambo gumu, na mama mmoja pale mbele amekuwa akitungoja nalo tangu mwanzo. Anasema: Kiwanja si changu. Nikipanda, nitafukuzwa.

Mama, unasema kweli. Mmoja wetu alipanga nyumba karibu na hapa, akavunja jiwe, akapanda avoka iliyobebeshwa. Mwaka wa tatu ikatoa maua. Mwenye kiwanja alikuja jioni moja, akautazama mti, akautazama tena, na mwezi uliofuata kodi ikapanda hata tukashindwa. Sasa tunapita barabarani tunaona avoka zetu juu ya ukuta. Ndiyo maana Ndosho ina mawe mengi kuliko miti. Jiwe halikuzuia chochote. Aliyepanga hapandi kwa kuwa anajua nani atachuma. Ni ile ile ya mashamba ya lazima, isipokuwa bwana safari hii ni jirani.

Sisi tunataka mambo mawili. Kwanza, mpangaji na mwenye nyumba waandikiane karatasi mbele ya shefu wa mtaa na mashahidi wawili: mti umepandwa tarehe fulani na fulani, matunda nusu kwa nusu, na mpangaji akiondolewa kabla ya miaka sita, alipwe kazi ya shimo, udongo na mche. Wapo wenye nyumba walio wema, wao watatia sahihi bila kelele, na majina yao yatajulikana. Wasiotaka nao watajulikana. Pili, mpaka karatasi hiyo ipatikane, mpangaji apande vile vinavyozaa upesi au vinavyohamishika: papai, marakuja, nyanya za mti, na miche ya avoka ndani ya magunia au mikebe mikubwa ambayo siku ya kuhama inapanda chukudu pamoja na godoro.

Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, tutakuwa hapa hapa na miche ya marakuja na vijiti vya avoka vya kubebesha. Havitoshi watu wote. Wa kwanza watakuwa wapangaji, kisha wajane, kisha wengine. Kila mtu aje na gunia moja la udongo na kisu kikali kilichochemshwa. Wachimbaji watatu au wanne wenye mitaimbo tunawahitaji kwa mashimo ya wazee wasioweza kupasua jiwe. Waseme majina yao kwa kijana mwenye daftari kabla hawajaondoka. Yule mama tuliyemharibia migomba tumemwekea machipukizi sita safi, na mashimo yake tutayachimba sisi.